Morogoro hadi Tukuyu, kiti cha dirishani upande wa mabango

Nimerudi nyumbani wiki mbili sasa. Nina daftari lenye doa la chai, na kwenye simu nina picha 214. Zaidi ya nusu ni za mabango ya barabarani, tena zimepigwa kupitia kioo cha basi chenye vumbi. Mama watoto alizipitia zote kimya, mwishoni akauliza: "Mwalimu, ulikwenda kumjulia hali mjomba au ulitumwa na halmashauri kuhesabu mabango?"

Lawama zote ziende kwa mwanafunzi wangu wa kidato cha tatu. Wiki ya mwisho kabla ya likizo tulikuwa kwenye tamathali za semi, nami nikasema nilivyosema miaka yote: tashbiha ina "kama", "mithili ya", "mfano wa", sitiari haina. Mkono ukanyooshwa. "Mwalimu, lile bango la simu yenye mabawa kule Msamvu ni tashbiha au sitiari? Maana picha haina 'kama'."

Darasa likacheka. Nikasema sitiari, kengele ikaniokoa. Lakini swali lilinifuata hadi kitandani. Picha haina "kama". Haina "si" wala "labda" wala "kwa sababu". Inasemaje basi? Na kama haisemi, mbona tunanunua?

Kwa hiyo safari ya kwenda kumwona mjomba Tukuyu, ambayo siku zote naifanya kwa basi moja la usiku nikiwa nimelala mdomo wazi, safari hii niliikata vipande na kusafiri mchana tu.

Jumatatu, 9 Juni 2025: Morogoro – Iringa

Basi la kutoka Dar lilitakiwa Msamvu saa 3 asubuhi, likaingia saa 4 na nusu. Nauli elfu 20. Nilimwomba konda kiti cha dirisha upande wa kushoto, kwa kuwa tunaendesha kushoto na mabango yaliyo karibu yanakuwa upande huo. Anayetaka kuona nyumbu Mikumi akae popote, wako pande zote mbili.

Mikumi ndipo nilipoandika neno la kwanza daftarini. Lile bango lenye orodha ya wanyama na faini ya kumgonga kila mmoja nimelipita labda mara ishirini, sikuwahi kulifikiria kuwa tangazo. Halina ushairi wowote: mnyama, bei; mnyama, bei. Jirani yangu, kijana anayesafirisha vipuri, alilitazama akasema, "Hapa hata swala anakuzidi thamani ya gari." Hakuna aliyemwomba apige hesabu hiyo. Aliifanya mwenyewe.

Ruaha Mbuyuni tulisimama dakika kumi. Choo shilingi 500, chenji hawana, kwa hiyo beba sarafu. Vitunguu vinaning'inia kwenye miti kando ya barabara, ndani ya nyavu nyekundu, na vijana wanavinyanyua hadi dirishani. Nilinunua wavu mdogo kwa elfu 4, na nilipoufungua Iringa nikakuta vile vikubwa vinavyong'aa vilikuwa pembeni, katikati wamekaa wadogo zao. Huo nao ni ufundi wa kushawishi.

Wavu ule ulinikumbusha jambo nililowahi kusoma. Mwaka 1964 Mfaransa Roland Barthes alichambua tangazo la kampuni ya tambi ya Panzani. Ndani yake kuna pakiti za tambi, kopo, nyanya, vitunguu, pilipili na uyoga, vyote vikimwagika kutoka kwenye mfuko wa wavu, kama vile mtu ndiyo kwanza anarudi sokoni. Barthes akasema wavu ule uliofunguka unasema "bidhaa mbichi", na nyekundu, kijani na njano zinasema "Uitaliano", ingawa Panzani yenyewe ni ya Ufaransa. Mwitaliano hasa huenda asiuone Uitaliano huo, kwa sababu umepikwa kwa ajili ya macho ya Wafaransa. Wale vijana wa Mbuyuni hawajamsoma Barthes, lakini wavu wanaujua. Vitunguu vilevile ukivitia kwenye kiroba cha plastiki, hakuna atakayefungua dirisha.

Kitonga tulikwama. Semitrela ilikuwa imekufa kwenye kona, na askari waliruhusu magari ya upande mmoja kwa zamu. Saa 1 na dakika 40. Tulisimama mkabala na fremu kubwa ya chuma iliyovikwa kitambaa cheupe, maandishi mawili tu: TANGAZA HAPA, na namba ya simu ambayo jua limekula tarakimu zake tatu za mwisho.

Nusu saa ya kwanza kila mtu alikuwa na simu yake. Mtandao ulipogoma, watu wakaanza kulijaza bango. Kijana wa vipuri: "Mimi ningeweka breki. Breki tu, hakuna neno." Mzee aliyekuwa nyuma akataka sura ya Mkwawa na pakiti ya chai. Mama mmoja mnene aliyekuwa amebeba kuku kwenye kikapu akasema kwa sauti ya uchovu, "Mimi ningeweka choo." Basi zima lilicheka, maana wote tulikuwa na hoja hiyohiyo. Kisha akafungua mfuko wake, akagawa viazi vya kuchemsha vilivyobaki kwa watoto wasiokuwa wake, nami akanipa kimoja. "Kula mwanangu, mlima huu hauna haraka." Nina miaka 46.

Mahali pa bango ni nusu ya maneno yake. Breki ile ingewekwa Mikumi, barabara iliyonyooka, ingekuwa picha ya kipuri. Kitonga ingekuwa sala.

Ilula dereva alisimama kununua nyanya, na kabla ya kusimama tulipita bango ambalo ndilo limenirudisha hadi leo kwenye daftari hili. Lami ya kijivu, mistari ya kivuko, na katikati yake kandambili moja ya mtoto, ya bluu. Chini, kwa herufi ndogo: *Punguza mwendo*. Hakuna mtoto wala gari wala damu.

Nilishuka nikamkuta dereva anachagua nyanya, nikamuuliza kama amewahi kuliangalia. Akaniangalia kana kwamba nimemuuliza jina la mama yake. "Mwalimu, ile ni ya mguu wa kulia. Mwezi wa tatu huu kila nikipita hapa najiuliza ya kushoto iko wapi."

Darasani naita hiyo sinekdoki: sehemu inasimama badala ya kitu kizima, kiatu badala ya mtoto. Aristotle alizungumzia hoja ambayo msemaji haimalizi, anamwachia msikilizaji aikamilishe kwa yale anayoyajua tayari, na kwa kuwa ameikamilisha mwenyewe, haioni tena kuwa ya mtu mwingine. Bango lingemwambia dereva yule "utaua mtoto", angekasirika. Watu wangapi wanamwambia hivyo kila siku, kuanzia abiria hadi trafiki mwenye tochi. Hili halikumwambia kitu. Yeye ndiye aliyekwenda kuitafuta kandambili ya pili.

Igumbilo tuliingia saa 1 na nusu usiku. Stendi iko mbali na mjini. Bajaji walianza na elfu 8, nikalipa elfu 5. Iringa Juni ni baridi ya kweli. Njoo na sweta, si shati la mikono mirefu.

Jumanne, 10 Juni: Iringa

Siku ya kupumzika, kula na kutembea. Asubuhi chai ya maziwa na vitumbua karibu na soko kuu, elfu 2 na mia 5. Mama muuza aliniamkia "Kamwene," nikajibu vibaya, akanisahihisha, akaniongezea kitumbua kimoja cha kunifariji.

Nilipanda Gangilonga jioni. Jina lake watu hulitafsiri "jiwe linalosema". Kule juu unauona mji wote, na kwa saa moja nzuri hakuna bango linalokuuzia kitu.

Usiku, nyumba ya wageni (elfu 30, maji ya moto yapo ukiyaombea mapema), nilirudi kwenye swali la mwanafunzi. Kuna watafiti wawili, Barbara Phillips na Edward McQuarrie, ambao mwaka 2004 walizigawa picha za matangazo kwa namna vitu viwili vinavyokutanishwa. Namna ya kwanza, vinawekwa bega kwa bega: gari huku, chui kule. Ya pili, vinaunganishwa kuwa kitu kimoja: gari lenye madoa ya chui. Ya tatu, kimoja kinachukua nafasi ya kingine: chui amelala ndani ya gereji, gari halionekani kabisa. Kadiri unavyotoka ya kwanza kwenda ya tatu ndivyo mtazamaji anavyopewa kazi zaidi.

Nikahisi nimepata pa kushika. Bega kwa bega ndiyo tashbiha ya picha: nafasi iliyo kati ya vitu viwili ndiyo "kama" yenyewe. Simu yenye mabawa ni ya pili, imeshaungana, kwa hiyo sitiari nilisema sawa, ila kwa bahati. Nililala saa 6 nikiwa na furaha isiyolingana na ugunduzi wenyewe.

Jumatano, 11 Juni: Iringa – Makambako

Elfu 10, basi dogo, mpaka Makambako. Ifunda, Mafinga, misitu ya misonobari ya Sao Hill, malori ya mbao. Nilisinzia karibu njia nzima.

Kitu kimoja nilikipima nikiwa macho. Kwenye vijiji gari linatakiwa lisizidi kilomita 50 kwa saa, yaani mita 14 hivi kila sekunde. Bango unaloanza kulisoma ukiwa mita 100 unalo kwa sekunde saba. Kwenye 80 unabaki na nne na nusu. Nilijaribu kwa saa ya mkononi: sekunde saba zinatosha picha moja na maneno sita au saba. Ndiyo maana wajanja hawaweki mabango porini ambako gari linakimbia. Wanaweka kwenye matuta, kwenye mizani, kwenye kona, mahali basi linaponyanyua mguu. Hospitali moja binafsi (siitaji) ilikuwa na bango lenye huduma kumi na nne, namba nne za simu, na picha ya daktari kwenye kila pembe. Nilifika "huduma ya meno" tukawa tumepita.

Makambako upepo hauna adabu. Nilitaka kuendelea hadi Mbeya siku hiyohiyo, nikasimama foleni ya tiketi dakika 50, dirisha likafungwa watu wanne kabla yangu. Hakuna aliyeeleza kwa nini. Mkata tiketi alitoka na chupa yake ya chai, akaenda.

Foleni ile nilipiga picha, na ilinifanya nicheke peke yangu. Mwaka 1978 chama cha Conservative huko Uingereza kiliwatumia Saatchi & Saatchi, kampuni ya matangazo, kutengeneza bango la foleni ndefu isiyo na mwisho mbele ya ofisi ya wasio na kazi. Maneno yalicheza na jina la chama kilichokuwa madarakani, Labour, yaani kazi: kwamba Labour haifanyi kazi. Mwaka uliofuata Margaret Thatcher akashinda uchaguzi. Foleni yenyewe haikuwepo. Walitarajia watu wengi waje kupigwa picha, wakatokea kama 20, wanachama vijana wa chama hichohicho, ikabidi wapigwe vipandevipande na picha ziunganishwe. Takriri (kurudiarudia) na mubaalagha (kutia chuku) ndani ya picha moja, na watu walioiona waliona ushahidi. Ubaya wa picha ndio huo. Mshairi akisema machozi yake yalijaa bahari, hakuna anayekwenda kuchota. Picha ikitia chuku, jicho linashuhudia.

Sisi Makambako tulikuwa foleni halali ya watu 31. Nililala hapo, elfu 20, blanketi mbili na nikazitumia zote.

Alhamisi, 12 Juni: Makambako – Mbeya

Tiketi nilikata saa 12 alfajiri. Jirani yangu alikuwa baba mmoja wa Njombe, amevaa koti la suti juu ya sweta mbili, anakwenda Mbeya kwenye harusi. Anayo ekari mbili za parachichi, na hadi Igawa nilikuwa nimeshajua kila mche.

Tulipoukaribia Uyole likaja bango ambalo mimi nililipenda mara moja: parachichi lililokatwa nusu, na mahali pa kokwa pamekaa sarafu kubwa inayong'aa. Tangazo la akaunti ya akiba. Kimoja kimechukua nafasi ya kingine, namna ya tatu kabisa. Nikapiga picha, nikamgeukia jirani yangu nione kama naye amefurahi.

Alikuwa amekunja uso. "Kokwa limezidi. Ona nyama ilivyobaki nyembamba. Tunda kama hilo mnunuzi wa kupeleka nje analitupa pembeni."

"Lakini mzee, ile ni sarafu."

"Naona ni sarafu. Sarafu imekula tunda."

Kisha akaongeza, taratibu: "Ndivyo benki zilivyo, lakini sikudhani watakiri."

Sijui mchoraji wa bango lile alikaa ofisi ya mji gani. Alijua kuwa nyanda za juu kusini ni nchi ya parachichi, akadhani tunda lenyewe linatosha kuwavuta wakulima. Wale anaotaka kuwashawishi ndio wanaolijua tunda hilo kuliko yeye. Sitiari ilifika, ikaeleweka, ikafanya kazi, upande wa pili.

Kuanzia Uyole ni vumbi la upanuzi wa barabara. Kwenye kuta za nyumba na maduka unaona X nyekundu, na mkononi mwa kila mwenye duka unaona kahawa iliyopoa. Alama ile ndiyo kazi ya picha fupi kuliko zote nilizopiga: mistari miwili ya brashi, haina sahihi wala maelezo, na hakuna mtoto wa shule ya msingi asiyeisoma. Fremu kadhaa za mabango zilikuwa zimevuliwa vitambaa, zimebaki mifupa. Nilikumbuka São Paulo, Brazili, ambako tangu 2007 sheria ya jiji ilipiga marufuku mabango ya nje, na kwa muda mrefu mitaa ilibaki na fremu tupu hivihivi. Abiria mmoja aliyekuwa akizitazama alisema, "Bora, tutaona Loleza." Kweli, mlima ulikuwa wazi.

Ushauri kwa wanaokuja: Uyole hadi Mwanjelwa kwa daladala nilitumia saa 1 na dakika 10. Kama una mkutano, lala mjini usiku wa kuamkia.

Ijumaa, 13 Juni: Mbeya

Nilikuwa natafuta mtu anayetengeneza, si anayetazama. Muuza mitumba wa Mwanjelwa aliacha meza yake kwa mdogo wake, akanitembeza vichochoro vitatu hadi kwa fundi wa mabango, akakataa hata soda. "Ukirudi nunua koti," alisema. Nilirudi, nikanunua, elfu 12.

Fundi ni mzee wa makamo, mikono ina rangi ambayo haitoki tena. "Ugonile, mwalimu." Nje kuna vibao vya saluni vya kuchora kwa brashi, ndani kijana wake anakaa kwenye kompyuta na mashine ya kuchapa fleksi, yaani vile vitambaa vya plastiki vya mabango, elfu 12 kwa mita ya mraba bila fremu. Nilikaa pale tangu saa 4 hadi saa 8, tukala ndizi nyama kwa mama ntilie, elfu 3, akalipa yeye kwa nguvu.

Haya ndiyo niliyoandika, kwa mpangilio wa mazungumzo yenyewe.

Herufi ya sentimita 10 inasomeka vizuri kwa mita 30 hivi. Mteja anayetaka maneno mengi anataka herufi ndogo, na mwenye herufi ndogo, kwa kauli ya fundi, "anawatangazia wanaotembea kwa miguu waliokwisha fika dukani kwake."

Fleksi ya Makambako lazima ikatwe matundu ya nusu mwezi ili upepo upite, la sivyo inageuka tanga na kuondoka na fremu. Nilikuwa nimeyaona matundu yale nikadhani watu wameiba kitambaa.

Kwenye jua hili la milimani nyekundu na njano ndizo hutangulia kukimbia. Kinachobaki ni bluu. "Ukiona nyama ya bluu buchani, ujue tangazo lina miaka miwili," alisema. "Sijui nyama ina mingapi."

Hapo ndipo nikamuuliza kuhusu lile la bucha lililokuwa linakauka ukutani: ng'ombe amesimama kwa miguu miwili, amevaa aproni, anacheka, kwenye sinia kashika mshikaki. Tashihisi, bila shaka: mnyama kapewa tabia za mtu. Lakini anajiuza mwenyewe!

Fundi akakuna kichwa. "Mteja anataka ng'ombe mwenye furaha. Nikimchora ng'ombe aliyenyamaza, mtu anamhurumia. Akicheka, maana yake amekubali."

Nikamsimulia kuhusu wale ng'ombe wa Marekani. Tangu 1995 mgahawa wa Chick-fil-A, unaouza kuku, umekuwa na mabango yenye sanamu za ng'ombe waliopanda na brashi, wakiandika kwa tahajia mbovu kuwasihi watu wale kuku zaidi. Hapo ng'ombe hakukubali kitu. Anajitetea, na makosa ya tahajia ndiyo ushahidi kwamba kaandika yeye. Fundi alicheka hadi akaweka brashi chini. Kisha akanyamaza kidogo, akili ikiwa imeshakwenda kazini.

"Nina mteja wa samaki Kabwe," alisema.

Nilipotoka alikuwa anachora kwa kalamu ya risasi, nyuma ya kalenda, kuku mwenye macho ya kuomba.

Jumamosi na Jumapili, 14–15 Juni: Tukuyu

Elfu 5, mwendo wa saa mbili hivi kwa Kosta inayosimama kila penye mkono. Mvua ilitupokea Kiwira. Watu wa Morogoro tukisikia Juni tunasema kiangazi. Tukuyu haina habari hizo. Mwavuli utavunjika, leta koti la mvua.

Mjomba ni mzima, goti tu. Nilimwonyesha picha ya parachichi lenye sarafu. Alivaa miwani, akaivua, akaivaa tena. "Hili hata si Hass. Hass ina ngozi ya vipele, ikiiva inakuwa nyeusi. Hili laini la kijani ni Fuerte." Akarudisha simu. Kwa mjomba suala la benki lilikuwa limefungwa.

Tulikaa barazani tukinywa maziwa mgando, na ng'ambo ya barabara bango la mtandao wa simu lilikuwa linanyeshewa, maji yanatiririka juu ya meno meupe ya msichana. Nikamwambia mjomba habari za Lima, Peru: jiji la jangwani lisilopata mvua ya maana, ila hewa yake imejaa unyevu. Mwaka 2013 chuo kikuu cha uhandisi, UTEC, kilitaka vijana wajiunge kusomea uhandisi. Wakasimamisha bango lenye mitambo ndani yake inayokamata unyevu wa hewani na kuugeuza maji ya kunywa, na chini yake bomba. Katika miezi 3 lilitoa lita zipatazo 9,450, watu wakija na ndoo.

Mjomba alifikiri sana. "Na bango lilisemaje?"

"Kwamba uhandisi unaweza."

"Halikuhitaji kusema."

Alikuwa mkulima maisha yake yote, hajawahi kukaa darasa langu.

Jumatatu na Jumanne, 16–17 Juni: kurudi

Tukuyu hadi Mbeya, Mbeya hadi Iringa, siku nzima, hakuna cha kusimulia ila makalio. Nililala nyumba ileile ya wageni.

Jumanne saa 2 asubuhi nikapanda basi la Morogoro, safari hii kiti cha kulia, kamera tayari, nipate picha nzuri ya kandambili ya Ilula, maana ile ya kwanza ilitoka na ukungu. Nilisahau jambo ambalo mtoto angelikumbuka: bango linawatazama wanaotoka Morogoro. Sisi tuliotoka Iringa tuliona mgongo wake. Nguzo mbili, mabati yenye kutu, nyaya.

Basi lilisimama kwa ajili ya nyanya, kama kawaida. Chini ya mgongo ule wa bango alikaa mama mmoja na sado zake sita zilizojaa. Nilinunua moja, elfu 3. Hata hili neno sado ni la kopo la rangi ya Sadolin. Kampuni imelipia mabango mangapi, na hakuna lililoingia vinywani mwa watu kama kopo tupu.

Nikamuuliza ile picha ya upande wa pili anaionaje, yeye anayekaa nayo kila siku.

"Ipi?" akasema. Nikamweleza: kandambili, ya bluu, ya mtoto.

"Aa, hiyo wanaiona wenye magari. Mimi nakaa upande wa kivuli." Akaniongezea nyanya mbili juu ya sado. Dereva akapiga honi.